Mzee Sefania Shehoza na Sarafu ya Thelathini na Nane

Marehemu Mzee Sefania Alen Shehoza, fundi saa, mzee wa kanisa na mkusanyaji wa sarafu za fedha za Mapapa wa Roma, alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 katika kitongoji cha Kwemlonge, juu ya Soni, wilaya ya Lushoto. Alifariki Jumanne tarehe 17 Juni 2025, saa kumi na dakika ishirini alfajiri, nyumbani kwake. Anazikwa leo Jumamosi, tarehe 21 Juni.

Wasifu uliopitishwa na kamati ya mazishi ulikuwa wa ukurasa mmoja, na ulisema marehemu alikuwa mume mwema, mpole, asiye na makuu. Binti yake Yusta, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyepewa kazi ya kuuandika, kwa sababu eti ana mwandiko mzuri. Aliuandika. Kamati ikausoma, ikaridhika, ikaagiza chai. Jana Ijumaa Yusta akapanda gari kwenda Lushoto mjini akachapisha nakala mia mbili za huu mlioushika, badala ya ule. Waombolezaji wamwie radhi. Kwa desturi yetu wasifu wa marehemu haukatizwi na mtu, na Yusta anaitegemea desturi hiyo kwa nguvu zake zote.

Marehemu alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Alen Shehoza, mkulima wa mapeasi na kabichi. Kaka yake mkubwa, Mzee Zabron, yuko hai, ni mwenyekiti wa kamati ya mazishi, na ameketi mstari wa mbele na kofia yake gotini. Wasifu huu utamrudia.

Alisoma katika shule ya misheni kule Bumbuli kuanzia mwaka 1956 hadi 1963, alipomaliza darasa la nane. Walimu walimsifu kwa hesabu. Inasimuliwa kwamba akiwa darasa la sita aliifungua saa ya mwalimu wake wakati wa chakula cha mchana, akaisafisha kwa unyoya wa kuku, akairudisha mezani kabla ya kengele. Mwalimu hakujua kitu, ila kuanzia siku hiyo alishangaa mbona anawahi. Hadithi hiyo ni ya kweli, na Yusta anaipenda, kwa hiyo imewekwa.

Mwaka 1964 alikwenda Tanga kujifunza kazi kwa fundi mmoja wa Kihindi, akakaa kwake miaka minne. Mwaka 1968 alifungua kibanda chake karibu na soko la Lushoto, chenye kioo mbele na benchi moja la wateja. Haki yake apewe: alikuwa fundi. Saa ya mteja hakuichezea, kifaa kipya hakukibadilisha na kikuukuu, na alisema kazi itakuwa tayari Jumatano ikawa tayari Jumatano. Alizijua saa kwa mlio wake. Mtu aliweza kusimama nje ya kibanda na saa yake mfukoni, na marehemu akamwambia kutoka ndani, "Hiyo inataka mafuta." Kwa saa alikuwa na subira isiyo na mwisho. Watu wa nyumbani kwake walikuwa wakienda kibandani ili tu waione hiyo subira inafananaje.

Mwaka 1974 padre mmoja mzee, Mwitaliano, alimletea saa ya mfukoni iliyoingia maji. Aliihangaikia siku tatu mpaka ikatembea. Padre hakuwa na shilingi, akamlipa sarafu ya fedha aliyoachiwa na mjomba wake: testoni ya Papa Inosenti wa Kumi na Moja, ya mwaka 1684. Upande mmoja ulikuwa na ngao ya Papa, upande wa pili maneno ya Kilatini tu: Melius est dare quam accipere. Padre akamfasiria kwamba maana yake ni heri kutoa kuliko kupokea. Marehemu akaipokea.

Hapo ndipo yalipoanzia. Alinunua mizani ya sonara, akanunua daftari kubwa la kaunta, akaanza kuandikiana barua na watu wa Ulaya, na kila mgeni mweupe aliyepanda kuja kutalii milima hii aliulizwa kama kwao kuna bibi mwenye sarafu za zamani. Katika daftari kila sarafu ilipewa namba, jina la Papa, mwaka, uzito kwa gramu, na hali yake: safi, imelika, imetobolewa. Uzito wa Mapapa aliujua kwa kichwa. Tarehe za kuzaliwa za watoto wake watatu alikuwa akimwuliza mama yao.

Watu walimshangaa, kwa sababu alikuwa Mlutheri wa kuzaliwa, na mzee wa kanisa juu yake. "Mghosi Sefania," walimwambia sokoni, kwa heshima ya Kisambaa, "wewe na Mapapa wapi na wapi?" Yeye akajibu bila kuinua macho, "Nakusanya madini, sikusanyi dini." Watu wakacheka wakaondoka. Lilikuwa jibu zuri, na lingekuwa zuri zaidi kama asingekuwa amemwoa Efrazia.

Efrazia Silvano alikuwa binti Mkatoliki kutoka Gare. Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1976, kwa sharti kwamba bibi harusi aache kanisa la kwao. Aliliacha. Rozari aliyopewa na mama yake siku ya komunyo ya kwanza, marehemu aliichukua kwa mkono wake mwenyewe na kuirudisha Gare, akisema nyumbani kwake mambo ya Papa hayaingii. Mwezi uliofuata alinunua Papa wa pili. Mama hakuruhusiwa picha moja ya Bikira Maria ukutani, na baba alikuwa na kopo la biskuti lililojaa Mapapa, kila mmoja amefungwa kwenye kitambaa chake kisafi. Wakati wa kipupwe watoto walilala watatu blanketi moja. Yusta ameyaeleza haya kwa watu wengi na wote wanadhani anatia chumvi.

Na kwa kuwa tumefika hapo, lisemwe na hili. Marehemu alikuwa na mkono wa birika. Kila mwaka, Jumapili ya mavuno, watu walileta kanisani walichonacho: kabichi, mayai, mapeasi, mwenye mbuzi akaleta mbuzi, na baada ya ibada vitu vikapigwa mnada pale uwanjani. Marehemu alileta saa mbovu. Zilikuwa saa za wateja ambao hawakurudi kuzichukua, zimekufa, hazifai hata kwa vipuri. Mpiga mnada alizinyanyua akasema, "Saa ya fundi mwenyewe hii," na mtu akajichanganya akanunua. Nyumbani Efrazia alimwambia, "Baba Heri, unampa Mungu saa isiyotembea?" Akajibu, "Mungu hana haraka." Efrazia mwaka huo alipeleka jogoo wake.

Lakini haki yake tena apewe. Mwaka 1987, Yusta akiwa na miaka saba, baba yake alimketisha kwenye benchi la kibandani, akampachika lenzi jichoni na kumshikisha ile testoni ya kwanza kwa kibano. Alimfundisha kuyatamka yale maneno ya Kilatini herufi kwa herufi, halafu akamwambia maana yake. Yusta akamwuliza, "Kutoa nini, baba?" Akacheka mpaka lenzi yake ikamdondoka. Ilikuwa mara ya pekee Yusta kumwona akicheka hivyo, na ndiyo sababu hasira aliyo nayo leo inamuuma.

Mwaka 2003 ilikuja namba thelathini na nane. Daktari mmoja Mwitaliano alikuwa akifunga virago kurudi kwao, na alikuwa na piastra ya mwaka 1689, gramu thelathini na mbili, pana kama kifuniko cha chupa ya chai. Ni sarafu adimu, na marehemu aliisubiri kwa miaka ishirini na tisa, kwa sababu haina Papa. Iligongwa katika wiki chache za mwaka ule ambapo Papa mmoja amekufa na mwingine hajachaguliwa, kiti kiko wazi. Upande mmoja una ngao ya kardinali aliyeshika madaraka, na juu yake mwavuli na funguo mbili. Upande wa pili ni njiwa wa Roho Mtakatifu. Marehemu aliinunua kwa pesa za ng'ombe wa maziwa aliyemuuza. Ng'ombe huyo aliitwa Zawadi, na hakuwa wake. Alikuwa wa Efrazia, alipewa na baba yake, Mzee Silvano, mwaka 1998 baada ya msiba wa mama yake. Efrazia alirudi kutoka shambani na kidumu cha maziwa mkononi akakuta kamba tu.

"Ng'ombe hufa," marehemu alimwambia. "Hii haifi."

Efrazia alikiweka kidumu chini akaenda kuwasha moto. Mwenye kusikiliza ashike jambo hili moja: sarafu ya thelathini na nane ilikuwa ng'ombe wa Efrazia.

Mwaka 2011, mwanzoni mwa Julai, alikuja mtu kutoka Dar es Salaam akauliza sokoni habari za mzee mwenye fedha za kale. Marehemu akaingiwa na hofu ya wezi. Alizitawanya sarafu zake sehemu mbalimbali za nyumba na hakumwambia mtu. Tarehe 24 Julai ilikuwa Jumapili ya mavuno, na kama kawaida alipeleka saa mbovu. Tarehe 9 Agosti alizikusanya sarafu zake, akazihesabu kwenye meza, na namba thelathini na nane haikuwemo.

"Mama Heri, iko wapi?"

"Ipi?"

"Yenye mwavuli."

"Mimi na mwavuli wako tuna nini?" alisema Efrazia, na kweli alikuwa hajui. Kwa karibu miaka thelathini na mitano katika nyumba ile alikuwa ameficha kitu kimoja tu, rozari ya pili, ndani ya kibuyu cha mbegu za maharage.

Kibuyu hicho marehemu alikimwaga sakafuni siku hiyohiyo. Hakuona sarafu, aliona rozari, na kwake ikatosha. Aliamini mke wake ameiba sarafu ya Papa akawapelekea Wakatoliki wenzake huko Gare. Tarehe 21 Agosti 2011, baada ya ibada, Efrazia aliitwa mbele ya baraza la wazee wa usharika. Aliyeongoza kikao ni shemeji yake, Mzee Zabron. Yusta alikuwa nje dirishani, amembeba mtoto mgongoni, na alisikia kila neno.

"Shemeji, rudisha mali ya watu," alisema Mzee Zabron.

"Sijaichukua."

"Rozari ulificha. Utashindwaje kuficha sarafu?"

Efrazia aliondolewa kwenye kwaya ya akina mama, aliyoiimbia sauti ya pili kwa miaka ishirini na minne. Akahamia benchi la nyuma, karibu na mlango, anakopigwa na upepo. Nyumbani marehemu alianza kula peke yake, akafunga kabati kwa kufuli na ufunguo akauvaa shingoni. Watoto wa mtaani walimwita mama wa watu jina ambalo Yusta hatalichapisha. Ilikuwa hivyo miaka kumi na tatu na miezi kumi, mpaka Jumanne iliyopita.

Marehemu alianza kuugua moyo mwaka 2023. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, hospitali wakampa dawa na kumwambia apunguze chumvi. Aliyempunguzia chumvi ni Efrazia. Aliyemwogesha, aliyemgeuza kitandani, aliyemshika mkono kwenda chooni kwenye matope ya masika, ni Efrazia, naye alifanya yote hayo na ufunguo wa kabati ukining'inia mbele ya macho yake. Mwezi wa nne mwaka huu redio ilipotangaza kwamba kiti cha Papa kiko wazi, marehemu aliomba aletewe koti lake la kijivu, lile zito ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulifua. Alilikumbatia kifuani siku nzima. Kisha akamwita Yusta akamwagiza, "Nizikwe na koti hili. Lisifuliwe." Yusta akadhani ni baridi.

Siku ya mwisho jioni Efrazia aliketi kitandani pake akamwuliza, "Baba Heri, huna neno la kuniambia?"

Marehemu alifikiri kidogo. "Umefunga mlango wa kuku?"

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho. Efrazia alikwenda akaufunga.

Jumatano asubuhi kikao cha ukoo kilikaa, na Mzee Zabron alisema mbele ya watu wazima ishirini na wawili kwamba mjane aitoe ile sarafu kabla ya mazishi. Asipoitoa, hataweka shada kaburini. "Mwizi wa marehemu hawezi kumwekea marehemu maua," alisema, na hakuna aliyembishia, ama kwa sababu waliamini, ama kwa sababu chai ilikuwa imefika. Efrazia alitoka kikaoni macho makavu. Aliingia chumbani akatoa koti la kijivu. Aliagizwa asilifue, lakini hakuagizwa asilipige pasi, na kumpeleka mume wake kaburini na koti lenye mikunjo asingeweza, hata kama mume mwenyewe ni huyo. Akatia mkaa kwenye pasi.

Alipofika upande wa kushoto, chini ya kwapa, pasi iligonga kitu.

Alimwita Yusta. Walipapasa wote wawili. Kitu kilikuwa ndani ya bitana, kizito, cha duara, kimeshonewa kwa uzi mweusi na sindano ya mtu anayejua kazi ndogondogo. Yusta akakimbilia mkasi. Efrazia akamshika mkono.

"Usikate."

"Mama, ndiyo yenyewe."

"Najua ndiyo yenyewe. Tukiitoa sisi, tumeipata wapi? Watasema nilikuwa nayo siku zote." Akaiondoa pasi juu ya koti, akaiweka chini. "Mimi sitaingiza mkono humo. Aliyeniita mwizi ndiye ataingiza."

Yusta anakiri kwamba yeye hakuliona hilo. Ni kweli: sarafu mkononi mwa mama yake ingekuwa ndio ushahidi wa mwisho dhidi yake. Marehemu alikuwa amemfunga kamba ambayo hata kaburi lisingeifungua.

Jioni hiyo Yusta alilifungua daftari la kaunta. Ukurasa wa namba thelathini na nane umeandikwa kwa mwandiko wa baba yake, nadhifu kama kawaida: piastra, kiti wazi, 1689, gramu 32, safi. Chini yake, kwa wino mwekundu: "Imeibiwa 9.8.2011. E." Herufi hiyo ni ya Efrazia. Na chini ya wino mwekundu, kwa penseli, kwa herufi ndogo mpaka ukaichukue lenzi ya marehemu: "12.3.2014. Imo. Saa ya Rashidi."

Alhamisi asubuhi Yusta alishuka bondeni kwa Mzee Rashidi, mkulima wa mboga, ambaye wengi hapa mnamfahamu, na ambaye yupo leo amesimama kule nyuma kwenye ua.

"Shikamoo, mzee Rashidi."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na msiba."

"Mzee, uliwahi kupeleka saa kwa baba?"

Mzee Rashidi akaeleza bila kuvutwa. Yeye huja kwenye mnada wetu wa mavuno kununua mayai ya kuuza Soni, na mwaka 2011 alinunua saa ya ukutani ya mbao. Mke wake, Bi Husna, aliitundika, haikutembea hata dakika moja. Kwa miaka karibu mitatu waliiangalia hivyohivyo, maana kumrudishia fundi mwenyewe sadaka yake aliona ni aibu. Mwezi wa tatu mwaka 2014 akaona liwalo na liwe, akaibeba mpaka kibandani.

"Akaifungua nyuma," alisema Mzee Rashidi. "Nimekaa pale benchini namwona. Akasimama kama mtu aliyechomwa na mwiba. Akaifunga, akaniambia njoo kesho. Kesho yake naikuta inatembea. Nauliza bei gani, ananiambia nenda tu." Akatikisa kichwa. "Nilimwambia Husna, yule mzee ana siku chache za kuishi. Sefania kukataa hela!"

Aliishi miaka kumi na mmoja na miezi mitatu.

Sasa mambo yako wazi, na Yusta anayasema polepole ili kila mtu ayapate. Marehemu alikuwa na saa mbili za mbao zinazofanana, zilizotoka ofisi moja ya zamani ya shamba la chai, zote zimekufa. Nyuma ya uso wa mojawapo aliificha piastra. Siku ya mavuno akabeba moja kwenda kumpa Mungu, akakosea; iliyobaki nyumbani alipoifungua akaikuta tupu, akaamini ameibiwa. Fundi huyu aliyezitambua saa kwa mlio alishindwa kuzitofautisha mbili zisizo na mlio. Hilo ni kosa, na kosa kila mtu hulifanya. Yusta hana ugomvi na kosa.

Ugomvi wake uko kwenye penseli. Tarehe 12 Machi 2014 baba yake alijua. Aliishika sarafu mkononi, akajua hakuna aliyeiba, akajua mke wake amekaa benchi la nyuma bure. Ili aseme, ingebidi kwanza akiri kwamba alimpelekea Mungu saa mbovu, na halafu akiri kwamba aliwadanganya wazee wa kanisa. Akaona aibu hiyo kubwa. Akafungua daftari, kwa sababu hakuweza kuvumilia daftari lenye makosa, akairekebishia sarafu habari zake. Herufi E aliiacha. Kifutio kilikuwa kwenye droo hiyohiyo, Yusta amekiona, hakijatumika hata pembe. Kisha akaishona sarafu ndani ya koti na kuendelea kula peke yake mezani, akipikiwa na mtu aliyemjua kuwa hana hatia. Wako watu watakaosema marehemu hasemwi vibaya. Yusta amesikia. Efrazia alisemwa vibaya akiwa hai, na waliosema wakaenda kunywa uji.

Alhamisi mchana mchungaji aliitwa nyumbani. Alilipapasa koti, alilisoma daftari, alimsikiliza Mzee Rashidi. Halafu akasema Efrazia arudi kwenye kwaya Jumapili ijayo. Yusta alitaka zaidi ya hilo, lakini mama yake alisema kwa sasa linatosha, sauti ya pili imekuwa mbaya sana bila yeye. Koti lilivalishwa marehemu na wanaume wa ukoo wenyewe, mchungaji akiwa mlangoni, na bitana haijaguswa na mkasi wa mtu.

Marehemu ameacha mjane mmoja, ambaye si mwizi. Ameacha watoto watatu, Heri, Yusta na Loveness, wajukuu saba na kaka mmoja. Ameacha saa kumi na tisa zisizotembea. Ameacha sarafu arobaini za fedha katika kopo la biskuti, ambalo lipo kwa mchungaji, na ukoo unaweza kugombania kuanzia kesho. Efrazia hataki hata moja kati ya hizo. Anataka ya thelathini na nane, ambayo ni ng'ombe wake, na akiipata ataiuza anunue ng'ombe.

Jeneza bado liko wazi kwa ajili ya kuaga. Kwa heshima zote, Baba Mkubwa Zabron anaombwa asimame. Atakwenda upande wa kushoto wa jeneza na kuingiza mkono ndani ya koti la mdogo wake, chini ya kwapa. Mchungaji anao mkasi. Ataikata bitana mwenyewe, ataitoa sarafu mwenyewe, ataiinua juu watu wa nyuma waione, kisha ataiweka mkononi mwa shemeji yake na kumtamkia mbele yetu sote kwamba hakuiba. Shada la kwanza ataweka Efrazia.

Hapa msomaji, ambaye ni Yusta mwenyewe, atanyamaza. Baba Mkubwa akichelewa kusimama, msomaji ataendelea kunyamaza. Yusta amefundisha darasa la kwanza kwa miaka kumi na tisa, anajua kusubiri.

Mzee Sefania apumzike. Amani yenyewe tunaomba aanze kupewa Efrazia, amengoja zaidi.